Kontra ya Kingereza kwa msomaji wa Chile, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa kijana wa Goma, nalifupisha: "Yaya, Kihispania nilijifunza kwa wanajeshi wa Uruguay wa MONUSCO, wale askari wa amani wa Umoja wa Mataifa, nilikuwa nawafanyia ukalimani hapa Goma. Sasa kuna bwana mmoja wa Lubumbashi ananunua mashine za mgodi kwa kampuni ya Chile, kwa mkopo, na kontra yote iko Kingereza. Chile wanataka Kihispania chake. Maneno ya kawaida nayaweza, lakini consideration, trust, equity, lien na jointly and severally yamenishinda. Nimetia kwa programu ya kutafsiri, Kihispania kimetoka kizuri ila moyo haukubali. Nianzie wapi?"

Jambo mdogo wangu, na moyo wako uko sawa, usikubali. Nimesoma zile kurasa ulinitumia. Kihispania cha hiyo programu kinateleza, sarufi haina kosa, na njo pale hatari iko, juu mtu wa Chile atasoma mpaka mwisho bila kushtuka, atasaini, alafu siku ya ugomvi njo atajua alisaini kitu kingine.

Yale maneno yanayokusumbua ugumu wake hautoki kwa Kingereza, unatoka kwa sheria ya Uingereza. Ile sheria ilikua peke yake kwa miaka mingi, mikononi mwa majaji, na ikazaa vitu ambavyo Chile havipo kabisa. Kwa hiyo kuna pahali unatafuta jina la Kihispania la kitu ambacho kule hakijazaliwa, na kamusi yoyote utafungua itakupa neno la karibu-karibu, bila kukuambia ni karibu kiasi gani.

Kabla ya kufungua kamusi, nenda kurasa za mwisho utafute kifungu cha governing law, yaani kontra inafuata sheria ya nchi gani. Yako nimeiona: sheria ya Uingereza, na ugomvi unapelekwa kwa waamuzi London. Hiyo inakupangia kazi yote. Maana yake Kihispania chako kitasomwa na mhasibu wa Chile, wakubwa wake, pengine banki yao na avoka wao, ili waelewe wanajifunga kwa nini. Juji wa Santiago hatakitumia kuamua. Basi kazi yako ni kumfanya yule avoka aelewe kwamba hapa kuna kitu cha Uingereza na kinafanya hivi na hivi. Ukimwekea neno la sheria ya kwao, ataleta kichwani kila kitu ambacho sheria ya kwao imefunga kwa lile neno, na vingine havimo mu kontra. Ingekuwa kontra inafuata sheria ya Chile ningekuambia kinyume: tafuta neno lao, hata kama Kingereza kitateseka.

(Kwa pembeni tu: kama hawangechagua sheria yoyote, huo uuzaji ungeingia chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Vienna wa 1980 juu ya uuzaji wa bidhaa kati ya nchi na nchi, juu Chile imo tangu zamani na Kongo yetu ulianza kutufunga 2015. Uingereza haimo. Shika huo mkataba akilini, nitaurudilia kwa sababu nyingine.)

Sasa habari njema. We Mkongomani una daraja ambalo mtu aliyesoma Nairobi ao Kampala hana. Code civil yetu (sheria za kiraia), kile kitabu cha tatu cha kontra, ni dekreti ya 1888, Wabelgiji walikitoa kwa code ya Napoleon. Code ya Chile ni ya 1855, aliiandika Andrés Bello, naye pia alichota sana kwa Wafaransa, ijapo aliishi London kuanzia 1810 mpaka 1829 na Kingereza alikijua vizuri. Fungua kifungu cha 8 cha kitabu chetu: kontra inataka vitu vine, kukubali, uwezo wa kisheria, kitu chenyewe, na cause (sababu ya kujifunga) ya halali. Fungua kifungu cha 1445 cha Chile: ni vilevile vine, mpangilio tu umebadilika kidogo. Basi ukikwama kwa neno la Kingereza, usikimbilie Kihispania. Uliza kwanza: avoka wa hapa Kongo, kwa Kifaransa, angekiitaje? Ukipata, mara nyingi Kihispania kiko mlango wa pili. Hypothèque (rehani ya nyumba ao kiwanja) ni hipoteca, gage (rehani ya kitu cha kubebeka) ni prenda, caution (udhamini) ni fianza, clause pénale (fidia iliyopangwa mapema kwa anayevunja kontra) ni cláusula penal, force majeure (janga lisilozuilika) ni fuerza mayor. Na ukiona hata Kifaransa cha avoka hakina jibu, ujue umefika pale kitu chenyewe hakipo, punguza mwendo.

Tuanze na jointly and severally, juu njo inaweza kumvunja mtu. Programu imekuandikia conjunta y separadamente. Kwa sikio inalingana. Lakini Chile, obligación simplemente conjunta ni jina la kisheria na maana yake ni kwamba kila mtu analipa sehemu yake tu. Chukua mfano: deni ni dola 90 000, wadhamini ni watatu, mkopaji amekimbia. Kwa Kingereza cha kontra yako, muuzaji anaweza kumshika mmoja yeyote na kumwambia alete 90 000 zote, wao watajuana baadaye. Kwa simplemente conjunta kila mmoja anadaiwa 30 000 na akizilipa anaenda kulala. Na sheria ya Chile, kifungu 1511, inasema ule ubebaji wa pamoja lazima utajwe wazi, haudhaniwi tu. Yaani ukiacha lile neno nusu-nusu, msomaji wa kule ana haki ya kusoma 30 000.

Neno ni solidario. Na wewe unalijua tangu utoto, nenda Birere ama soko la Virunga pale Goma uulize mama yeyote aliyewahi kukopa kwa kikundi, kosyo solideri ni nini. Atakueleza vizuri kuliko profesa: mwenzako asipolipa, wanakuja kwako, na hawakuji kwa sehemu yako, wanakuja kwa yote. Basi andika: Los Garantes responderán solidariamente. Conjunta toa kabisa.

Na hapohapo kuna kitu kingine kimejificha. Kwa Chile, kama kwetu, mdhamini wa kawaida anaweza kusema "nenda kwanza ukamate mali ya mkopaji, ukikosa njo uje kwangu." Kifaransa chetu kinaiita bénéfice de discussion, wao wanaiita beneficio de excusión. Kontra yako inasema mdhamini analipa kama yeye njo mdaiwa wa kwanza, as primary obligor, maana yake hiyo haki ameitupa. Wachile wako na fomula yao ya kila siku kwa hali kama hii, fiador y codeudor solidario, iko kwenye makaratasi yao ya mkopo kila pahali. Inavutia, lakini kumbuka tulisema sheria ni ya Uingereza. Mi ningeandika garante, alafu ningesema wazi kwa maneno kwamba anajifunga como deudor principal na kwamba anaacha beneficio de excusión. Msomaji wa Chile akisoma hivyo anajua mdhamini amebeba kilo ngapi, na hajadanganywa kwamba ni fianza ya code yake.

Consideration sasa. Programu imetoa consideración, ambayo kwa Kihispania ni heshima ao kutafakari, basi sentensi yako inasema kampuni inauza mashine kwa heshima nzuri na yenye thamani. Mtu wa Chile atacheka kidogo alafu ataendelea kusoma. Kwa sheria ya Uingereza, ahadi ya bure haimfungi mtu, lazima upande wa pili naye atoe kitu, na juji haangalii kama kile kitu kinatosha, hata punje ya pilipili manga inatosha, wenyewe wanapenda sana huo mfano. Ile kutoa kwa kupokea njo consideration. Kwetu na Chile hakuna hiyo sharti, pahali pake kuna cause, na cause ni kitu kingine: ni sababu ya kujifunga, hata kutaka tu kumsaidia mtu bure inaweza kutosha. Kwa hiyo usiandike causa, utakuwa umemwingiza avoka wa Santiago kwenye mjadala wa code yake bure. Andika contraprestación. Ile sentensi ya ufunguzi, for good and valuable consideration, the receipt of which is hereby acknowledged, iweke hivi: por una contraprestación válida y suficiente, que las partes declaran haber recibido. Pale ambapo neno linamaanisha tu bei, kama kifungu chako cha 4, andika precio, usione haya.

Na ukurasa wa mwisho nimeona executed as a deed, na programu imetoa ejecutado como escritura. Maneno mawili, makosa mawili. To execute kwa kontra ya Kingereza ni kusaini kwa utaratibu unaotakiwa, na ejecutar kwa Kihispania ni kutimiza ao kulazimisha kwa nguvu ya tribinali. Basi date of execution ni fecha de firma, si siku ambapo mahakama inakuja kukamata mali. Deed ni karatasi ya kiserious ambayo Uingereza inasainiwa mbele ya shahidi na inafunga hata bila consideration. Escritura kwa Chile inaleta akilini escritura pública, ile ya kwa notario, na hapa notario hayupo. Acha deed kama ilivyo, kwa herufi za kulala, ongeza maneno machache: documento formal del derecho inglés, firmado ante testigo. Na notary public wa Marekani ukikutana naye siku moja, ujue ni mtu wa kuthibitisha saini tu, notario wa Chile ni mwanasheria na afisa wa serikali, usiwachanganye.

Trust, yaani mtu kushika mali kwa jina lake kwa faida ya mwingine, umeniambia ulikuwa unaisikia kwa Wauruguay, fideicomiso, na uko sawa, Uruguay wana sheria yao ya fideicomiso tangu 2003, namba 17.703. Meksiko nao wanayo, lakini kule kwa kawaida anayeshika mali lazima awe banki ao taasisi ya fedha iliyoruhusiwa. Kolombia wanaita fiducia mercantil. Chile njo inakuangusha: mu code ya Bello fideicomiso ni kitu cha zamani, mali ambayo itahamia kwa mtu mwingine siku sharti fulani litimie, soma kifungu 733 utaona. Haina uhusiano na kontra yako. Kontra yako inasema nini hasa? Mashine ikiungua na asiransi ikalipa, mnunuzi anazishika zile pesa on trust kwa ajili ya muuzaji. Lengo lake ni moja: mnunuzi akifilisika leo, wadai wengine wasiziguse, juu zinakaa kwa jina lake lakini faida si yake. Basi sema hivyo. Mi ningeandika: mantendrá dichos fondos en trust, figura del derecho inglés, separados de su propio patrimonio y en beneficio del Vendedor. Ni ndefu, ndiyo. Kontra hazilipwi kwa ufupi.

Equity, nimehesabu inatokea mara nyingi na si kitu kimoja. Kwenye kifungu cha malipo, equity contribution, ni pesa wenyewe wa kampuni wanaweka mfukoni mwao badala ya kukopa: aporte de capital. Kwenye hesabu za kampuni, total equity, ni mali ukitoa madeni: Chile wanasema patrimonio, Uhispania patrimonio neto, Meksiko capital contable, na yote matatu ni kitu kilekile. Alafu kifungu cha haki za pande zote kinasema remedies at law or in equity, yaani njia za kudai haki yako, na hapo hakuna pesa yoyote. Zamani Uingereza kulikuwa na tribinali mbili tofauti, ile ya common law na ile ya Chancery iliyokuwa inalainisha ukali wa ya kwanza, ziliunganishwa kwa sheria za 1873 na 1875, lakini kanuni za Chancery zilibaki na jina lake, equity. Ukiandika equidad, Mchile ataelewa kwamba mwamuzi anaruhusiwa kuamua kwa dhamiri yake, bila kufuata sheria, na hiyo kule ipo kweli, wanamwita árbitro arbitrador. Hakuna aliyekubali hivyo. Acha equity kwa herufi za kulala, pembeni ya common law, basi.

Lien, yaani haki ya mdai juu ya mali ya mdaiwa, tuimalize haraka. Free of all liens and encumbrances ni libre de todo gravamen, isizidi hapo. Lakini kifungu cha matengenezo kinachosema fundi anaweza kubakiza mashine mpaka alipwe, hiyo ni derecho de retención, kitu kingine. Security pale ni garantía, dhamana. Securities kwa wingi ni valores, hisa na karatasi za mkopo. Seguridad ni walinzi wa getini. Collateral nayo ni garantía, achana na colateral. Default (kutotimiza) ni incumplimiento, isipokuwa ukikuta default judgment, hiyo ni hukumu ya mtu ambaye hakutokea mahakamani, sentencia en rebeldía. Power of attorney ni poder, na attorney-in-fact ni apoderado, mtu yeyote aliyepewa mamlaka, wala si lazima awe avoka. Goodwill kwa hesabu za Chile ni plusvalía. Na hapa lile daraja la Kifaransa linakuangusha mtoni: Uhispania wanasema fondo de comercio, we utafikiri fonds de commerce ya OHADA (zile sheria za biashara tunazoshiriki na nchi zingine za Afrika), ambayo ni biashara nzima, wateja, jina, haki ya pango, mpaka meza na viti. Goodwill ni ile thamani ya ziada tu.

Liquidated damages, fidia iliyopangwa mapema ndani ya kontra, nataka ukae nayo kidogo. Kwetu clause pénale ni kitu cha kawaida, Chile pia, cláusula penal. Uingereza neno penalty lina sumu: kama kiasi cha fidia kimezidi sana faida halali ya aliyevunjiwa kontra, juji anakataa kukitekeleza, na kesi kubwa ya 2015 pale Supreme Court ya London imelegeza kidogo lakini haikufuta. Njo maana walioandika kontra yako walilikwepa lile neno kwa makusudi. Usilirudishe wewe kwa dirisha la Kihispania. Andika avaluación anticipada de perjuicios, avoka wa Chile analijua hilo.

Shall: kwa kontra ni wajibu, si wakati ujao, lakini Kihispania cha kontra kinatumia wakati ujao kwa wajibu, kwa hiyo pagará inatosha. Deberá weka pale unataka kukaza. May ni podrá, na may not kwa kontra ni marufuku, no podrá, programu imekuandikia pahali fulani puede que no, yaani "pengine hatafanya". Kifungu cha 11, angalia. Na zile pacha-pacha, null and void, terms and conditions, hazikubebeshi kutafuta maneno mawili. Wengi wanasema ni urithi wa zamani wakati maavoka wa Uingereza waliandika Kifaransa na Kingereza pamoja, wakaweka yote ili wasikose. Nulo peke yake inatosha, ila mteja akipenda kusikia kengele mbili mpe nulo y sin efecto, haidhuru.

Namba njo zinaua kimyakimya. Billion ya Kingereza cha leo ni miliari yetu, mil millones. Billón ya Kihispania ni milioni mara milioni, yaani miliari elfu moja. Ukiona US$ 1.2 billion kwenye utangulizi unaoeleza ukubwa wa mradi, andika 1.200 millones. Kuna neno millardo, chuo cha lugha cha Uhispania kililikubali 1995 kwa ombi la Rafael Caldera aliyekuwa rais wa Venezuela, lakini watu hawalisemi sana, liache. Na ule 1.200 umeona nimeweka nukta kwa maelfu: Chile nukta ni ya maelfu na mkato ni wa desimali. Meksiko ni kinyume, kama Wamarekani. Riba yako ya 7.125% inakuwa 7,125%, na ukisahau kubadili mtu anasoma elfu saba. Tarehe ziandike kwa maneno, 3 de abril, juu 03/04 kila mtu anaisoma kwa kwao.

Vifaa. Ule mkataba wa Vienna niliosema, Kingereza chake na Kihispania chake vyote ni matini halali, hakuna kilichotafsiriwa kutoka kwa kingine mbele ya sheria, basi weka viwili pembeni usome kifungu kwa kifungu. Utaona kwa mfano kifungu cha 25, fundamental breach, ni incumplimiento esencial, na hakuna mtu atakubishia. Sheria za Umoja wa Ulaya ziko kwa tovuti yao ya EUR-Lex kwa lugha zao zote, na IATE njo hazina yao ya istilahi, bure yote, ila ujue Kihispania chake ni cha Madrid. OHADA nayo, tangu treaty irekebishwe 2008, ina lugha nne za kazi, Kihispania kimo juu ya Guinea ya Ikweta, na zikigongana Kifaransa njo kinashinda. Kwako inasaidia juu sheria ni zilezile zinazotumika hapa Lubumbashi tangu 2012. Ila Kihispania cha Chile chenyewe kichote Chile: code yao iko mtandaoni kwa maktaba ya bunge lao, na Codelco, ile kampuni ya serikali ya shaba, wanatoa ripoti ya mwaka kwa Kihispania na Kingereza. Chukua mwaka uleule kwa lugha mbili, fungua hesabu, soma mstari kwa mstari. Mashine, mikopo, dhamana, yote yamo, na ni ya shaba kama ya kwetu. Mi ile ripoti ilinifundisha kuliko kamusi.

Neno moja juu ya Kihispania chako chenyewe, usikasirike. Pale kifungu cha 6 umeandika la plata kwa pesa. Wauruguay wanasema hivyo na Wachile wanasema hivyo, kwa mdomo. Kwa kontra ni suma, importe ao fondos. Plata kwa watu wa mgodi ni madini ya fedha. Na vos, ule "wewe" wa mdomoni wa Wauruguay, hainaga kazi hapa.

Ukishachagua neno, usilibadilishe mpaka mwisho. Shuleni walitufundisha kutorudia neno, kwa kontra kurudia njo kazi yenyewe: ukiandika garante kifungu cha 2 na fiador kifungu cha 9, avoka atauliza hawa ni watu wawili? Fungua jedwali, safu ya Kingereza, safu ya Kihispania, safu ya kifungu ulikokutana nalo, ujaze unavyoenda.

Kwa mteja wako: mwulize kama kuna kifungu kinachosema lugha gani inashinda zikigongana. Mi sikukiona kwa zile kurasa ulituma. Kama hakipo, mwandikie barua pepe fupi umwambie avoka wake akiangalie, kukiongeza wewe mwenyewe hapana, hata kama unajua maneno yake kwa kichwa. Vilevile kifungu cha 8 kinasema siku 30 pahali pamoja na siku 13 pahali pengine, inaonekana vidole vya mwandishi viliteleza. Tafsiri vyote kama vilivyo na uwaambie pembeni. Ukirekebisha umeshakuwa sehemu ya kontra.

Bei, mfanyie kwa neno la Kingereza, usimfanyie kwa ukurasa, juu kurasa za hawa watu zimebanwa kama sardini, na uombe nusu mbele. Mwambie akutumie faili ya Word, ile PDF ya kupigwa picha imekula namba za viambatisho, kwa kiambatisho B hata sijui kama riba inahesabiwa kwa siku 360 ao 365, na hiyo kabla ya kuanza lazima uijue.